Je, Kila Linalowezekana Ni Halali?



Mtoto akianguka mtini na kuvunjika mkono, hapa kwetu Masieda kazi ya kwanza ni kutafuta usafiri wa kumfikisha mahali penye mashine ya eksirei. Akifika, picha inapigwa, mfupa unaonekana, anafungwa hogo, na baada ya wiki kadhaa anarudi kuchunga ndama kama kawaida. Mama yake anamshukuru Mungu, na ni haki kumshukuru.

Lakini elimu ya mionzi, iliyoanza kwa kutazama mifupa ya watu na kutibu saratani, ndiyo hiyo hiyo iliyofika mahali ikateketeza miji miwili kwa muda usiozidi siku nne. Mkristo aseme nini juu ya jambo hili? Aseme kwamba sayansi ni ya shetani? Au aseme wenye elimu waachwe wafanye wanaloweza, sisi kazi yetu ni kusali tu? Nadhani majibu yote mawili yana kasoro. Hebu tuyachunguze pamoja, maana watoto wetu wako shuleni wanasoma sayansi hiyo, na sisi ndio tunaouza maharage na mbuzi ili wapate sare na madaftari.

JIWE LILILOTOKA KWA JIRANI

Wengi wetu tukisikia habari za bomu la atomiki tunadhani ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Kumbe mawe yenyewe yalichimbwa Afrika, katika nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Huko Katanga, nchini Kongo, karibu na mji wa Likasi, kuna mahali panapoitwa Shinkolobwe. Mwaka 1915 iligunduliwa hapo miamba yenye urani nyingi ajabu, na mwaka 1921 kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière ikaanza kuchimba.

Wakati huo hakuna aliyewaza bomu. Kilichotafutwa ni radiamu, ambayo mama mmoja, Marie Curie, aliigundua pamoja na mumewe Pierre mwaka 1898, na ambayo ilikuwa ikitumika kutibu saratani. Urani yenyewe ilionekana kama pumba zinazobaki baada ya mahindi kukobolewa.

Mwishoni mwa mwaka 1938 mambo yalibadilika. Iligundulika kwamba kiini cha atomu ya urani kinaweza kupasuka na kutoa nguvu kubwa mno. Agosti 1939 Albert Einstein alitia sahihi barua kwa Rais Roosevelt wa Marekani, akimtahadharisha kwamba huenda bomu la namna mpya likatengenezwa, na katika barua hiyo Kongo ilitajwa kuwa chanzo muhimu cha urani. Mwaka 1940 mkuu wa ile kampuni, Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe ya Shinkolobwe hadi New York. Mwaka 1942 jeshi la Marekani likayanunua. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa mabomu ilitoka katika shimo hilo moja.

Mradi ulikuwa siri kubwa. Wachimbaji wa Kiafrika walioyatoa mawe yale hawakuambiwa yanakwenda kufanya kazi gani. Na mama aliyefua nguo zenye vumbi la mgodi ule angejuaje?

SIKU MBILI ZA AGOSTI

Tarehe 6 Agosti 1945, saa 2 na dakika 15 asubuhi, bomu lenye kilo zipatazo 64 za urani lilidondoshwa juu ya mji wa Hiroshima, Japani. Kati ya kilo hizo, iliyopasuka ni chini ya kilo moja, uzito mdogo kuliko pakiti ya sukari tunayonunua dukani. Hadi mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Tarehe 9 Agosti bomu la pili liliangushwa Nagasaki. Hilo lilikuwa la plutoniamu, ambayo nayo hutengenezwa kutokana na urani. Huko walikufa watu wapatao 70,000.

Mimi nikiwa muuguzi, kuna hesabu moja ambayo siwezi kuipita haraka. Hiroshima ilikuwa na wauguzi 1,780. Kati yao 1,654 walikufa au waliumia kiasi cha kushindwa kufanya kazi. Maana yake ni kwamba siku ile mji mzima ulipohitaji kufungwa vidonda, mikono ya kuvifunga haikuwepo.

Hata waliokuwa bado tumboni hawakupona. Baadhi ya akina mama waliopigwa na mionzi mingi wakiwa na mimba changa, hasa ya kati ya wiki 8 na 15, walizaa watoto wenye vichwa vidogo na akili zilizodumaa. Miaka michache baadaye saratani ya damu iliongezeka, hasa kwa wale waliokuwa watoto siku ya bomu. Hapo ndipo silaha hii inapotofautiana na mkuki na bunduki. Mkuki humpata aliye mbele yake. Hii humfuata hata mtoto ambaye bado hajapewa jina.

Nagasaki ulikuwa mji wenye Wakristo wengi kuliko mji mwingine wowote wa Japani. Bomu lililipuka juu ya eneo la Urakami, karibu na kanisa kuu la Kikatoliki, kati ya watu ambao mababu zao waliificha imani yao kwa zaidi ya miaka 200 ya mateso. Walioliangusha nao walitoka katika nchi yenye makanisa mengi.

Katika mji huo aliishi daktari Mkristo, Takashi Nagai, mtaalamu wa mionzi katika chuo cha utabibu. Kabla ya bomu tayari alikuwa na saratani ya damu, aliyoipata kwa kuwapiga wagonjwa wengi picha za kifua ili kuwatafuta wenye kifua kikuu. Siku ya bomu, yeye mwenyewe akiwa na jeraha, aliuguza majeruhi. Aliporudi nyumbani alikuta mifupa ya mkewe, Midori, pamoja na mabaki ya rozari yake. Alilea watoto wao wawili na kuandika vitabu akiwa amelala kitandani, hadi alipofariki mwaka 1951.

Mtazameni huyu ndugu. Elimu ile ile ilimgusa pande zote mbili. Kwa upande mmoja aliutoa mwili wake mwenyewe ili wengine wapone. Kwa upande wa pili wengine waliitoa miili ya watu ambao hawakuulizwa. Tofauti kati ya pande hizo mbili ndiyo jambo ninaloomba tulishike.

WANAWAKE WALIOSEMA HAPANA

Wapo watakaosema kwamba vita ikianza, hakuna awezaye kukataa. Si kweli. Lise Meitner alizaliwa Vienna mwaka 1878 katika familia ya Kiyahudi, na mwaka 1908 alibatizwa katika Kanisa la Kilutheri. Katika Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi ya eksirei katika hospitali za jeshi la Austria, akaona kwa macho yake miili iliyoharibiwa. Baadaye akawa mwanafizikia mashuhuri mjini Berlin, mpaka sheria za Hitler zilipomlazimisha kukimbilia Sweden mwaka 1938. Krismasi ya mwaka huo huo, yeye na mtoto wa dada yake, Otto Frisch, ndio waliofafanua kwa mara ya kwanza jinsi kiini cha urani kinavyopasuka.

Kwa hiyo hakuwa mtu wa pembeni. Vita ilipopamba moto aliombwa ajiunge na waliokuwa wakitengeneza bomu. Alikataa katakata, ingawa Hitler aliyekuwa akipigwa vita ndiye aliyemfukuza kazini na nchini. Aliendelea kuipenda sayansi hadi mwisho wa maisha yake mwaka 1968. Alichokataa ni kuitoa kwa kazi ile.

Mwanasayansi mwingine, Joseph Rotblat, alikuwa tayari ndani ya mradi. Mwishoni mwa mwaka 1944, ilipojulikana kwamba Wajerumani hawatengenezi bomu, aliona sababu iliyomleta imekwisha, akaondoka. Alitumia maisha yake yote yaliyobaki kupinga silaha hizo, na mwaka 1995 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Habari hizi zinatukumbusha wanawake wawili tunaowajua katika kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza. Shifra na Pua walikuwa wakunga. Farao aliwaagiza watumie ujuzi wao wa kuzalisha ili kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania wakati ule ule wa kuzaliwa. Hakuwaambia waache kazi yao. Aliwaambia waifanye kwa kusudi lingine. Wao walimwogopa Mungu kuliko mfalme, wakawaacha watoto waishi. Mikono ya mkunga inajua mahali pa kugusa ili mtoto apumue, na inajua pia mahali pa kugusa ili asipumue. Ujuzi ni mmoja. Kinachouamua ni hofu ya Mungu iliyo moyoni mwa mwenye mikono.

JE, BOMU HALIKUFUPISHA VITA?

Hili ni swali la haki, na hatuna budi kulijibu kwa uaminifu. Wanaolitetea bomu husema lilimaliza vita upesi na hivyo kuokoa maisha ya askari wengi. Tusilidharau jibu hilo. Vijana wa Tanganyika, Kenya na Uganda walichukuliwa katika jeshi la KAR, na mwaka 1944 walipigana na Wajapani katika misitu ya Burma. Kwa mama mwenye kijana vitani, kwisha kwa vita kulikuwa kurudi kwa mtoto wake.

Hata hivyo, Wakristo walifundishwa tangu zamani kwamba hata vita yenye sababu ya haki ina mipaka yake. Mmoja wa waliotafakari jambo hilo ni Agostino, askofu wa Hippo, mwana wa Afrika Kaskazini. Kutokana na mafundisho ya namna hiyo Kanisa limeshika kwamba asiye na silaha hauawi kwa makusudi. Mtoto wa Hiroshima hakuwa na bunduki. Mtume Paulo naye, katika Warumi 3, anakataa fikra ya kutenda maovu kwa kutumaini kwamba mema yatatokea. Tukikubali kwamba watoto wa jirani wanaweza kuchomwa ili wetu warudi, tutamwambia nini jirani siku atakapotaka kuchoma wetu kwa sababu hiyo hiyo?

Wazee wa Kiiraqw hapa Mbulu walijenga nyumba zilizochimbwa ndani ya mteremko wa kilima, ili wavamizi waliokuja kuteka ng'ombe wasizione kwa mbali. Walijua vita ni nini. Lakini nyumba ile iliweza kumficha mama na watoto wake. Silaha za leo hazimwachi mama mahali pa kujificha.

SAYANSI ISIYOULIZA

Mipaka haivukwi wakati wa vita peke yake. Mwaka 1906 na 1907 daktari maarufu wa Ujerumani, Robert Koch, alikuwa katika visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akitafuta dawa ya ugonjwa wa malale uliokuwa ukiwamaliza watu wa Uganda. Alitumia dawa yenye aseniki iitwayo atoksili, akaongeza kipimo, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka kabisa. Kusudi la kutafuta dawa lilikuwa jema. Lakini nani aliwaeleza wale wagonjwa hatari iliyokuwapo?

Mwaka 1947, baada ya kesi ya madaktari wa Kijerumani waliowafanyia wafungwa majaribio ya kikatili, majaji wa Nuremberg waliweka kanuni, na ya kwanza ni hii: mtu asifanyiwe jaribio bila ridhaa yake ya hiari. Kanuni hiyo ni ya kwako pia, mama. Wakija watafiti kijijini kuomba damu au choo cha mtoto, una haki ya kuelezwa kwa lugha unayoielewa, kuuliza kibali chao, kukubali au kukataa, na kukataa kwako kusikunyime matibabu. Usiweke dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa.

Kwa upande wa Hanang tunao mfano mwingine. Kuanzia miaka ya 1970 wataalamu walikuja na ujuzi mzuri wa kulima ngano katika tambarare za Basotu, kwa msaada wa Kanada. Mashamba yakafikia ekari zipatazo 100,000. Ngano ilipatikana, lakini wafugaji wa Kibarbaig walipoteza malisho yao, na hata makaburi ya wazee wao yalilimwa kwa matrekta. Trekta si dhambi, wala ngano si dhambi. Kosa lilikuwa kuwafanya wenye mahali pale kama hawapo.

TUSITUPE DAWA PAMOJA NA SUMU

Sasa naomba tuwe waangalifu. Kuna mama akisikia habari kama hizi husema, "Basi, hata chanjo siitaki tena." La hasha! Huko ni kumwadhibu mtoto kwa kosa la watu wengine.

Kumbukeni ndui, ugonjwa uliowaua na kuwapofusha watu kwa karne nyingi. Marekani na Urusi, waliokuwa wakitishiana kwa mabomu, walishirikiana katika kampeni ya chanjo ya Shirika la Afya Duniani. Mtu wa mwisho kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 dunia ilitangaziwa kwamba ndui imekwisha. Hiyo nayo ni sayansi.

Mionzi nayo inaokoa. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akina mama wenye saratani ya mlango wa kizazi hutibiwa kwa mionzi. Ukiambiwa upigwe eksirei, usikimbie. Kipimo chake ni kidogo mno ukilinganisha na habari niliyoieleza hapo juu. Ila ukiwa na mimba, au ukidhani unayo, mwambie mhudumu kabla hujaingia chumbani, ili mtoto akingwe au kipimo kingine kitafutwe. Usione haya kusema.

Mhunzi wa Kidatoga akipata chuma chakavu anaweza kufua ncha ya mkuki, na anaweza kufua kisu cha jikoni. Nabii Isaya, katika sura ya pili, aliona siku ambayo mataifa watazifua silaha zao upya ziwe zana za shamba. Angalieni kwamba hakuona chuma kikitupwa. Chuma kile kile kinarudi kwenye moto na kupewa kazi nyingine.

KAZI YETU NYUMBANI

Mambo haya si ya zamani tu. Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya serikali ya Kongo mwaka 2004, na mwaka huo huo sehemu ya mgodi iliporomoka na kuua wachimbaji wadogo waliokuwa wakiingia. Nasi Tanzania tuna urani yetu huko Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, ambako mwaka 2025 ulizinduliwa mtambo wa majaribio wa kuyachakata mawe hayo. Kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa sahihi Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, Afrika ilijitangaza kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Mkataba hauzuii kuchimba wala kutengeneza umeme au dawa. Kwa hiyo swali la wale wachimbaji wa Katanga sasa ni letu: mawe haya yanakwenda kufanya kazi gani, na vumbi lake litamwangukia nani?

Msiseme maswali hayo ni ya wanaume wa serikalini. Kwa majirani zetu Wadatoga, akina mama wana baraza lao tangu zamani. Mwanamume akiuvunjia heshima uzazi wa mwanamke, hukutana, humhukumu na kumtoza ng'ombe, naye hulipa. Walijua kwamba anayezaa ana neno la kusema juu ya uhai.

Basi tufanye nini? Kwanza, mtoto anayependa sayansi, wa kiume au wa kike, tumtie moyo asome mpaka mwisho. Kijiji chetu kinahitaji wauguzi, mafundi wa maabara na wataalamu wa udongo. Akiachwa gizani hatakuwa mtakatifu zaidi.

Pili, tumzoeze mapema kuuliza maswali matatu kabla ya kutumia ujuzi wowote: Ni nani atapona kwa jambo hili? Ni nani ataumia? Na huyo atakayeumia, ameulizwa? Tuanzie na mambo madogo. Kijana anayechanganya dawa ya kuua wadudu shambani aulizwe maji yanatiririkia kisima cha nani. Akizoea swali hilo kisimani, hatalisahau maabara.

Tatu, tuangalie tunachokisifu. Tukimpigia vigelegele aliyeshinda ugomvi kwa nguvu, na kumnyamazia aliyeupatanisha, watoto wanajifunza. Petro alipochomoa upanga bustanini, Bwana alimwambia aurudishe mahali pake, na kulingana na Luka akaliponya sikio la adui. Kama mikono ya Bwana mwenyewe, wakati wa hatari kuu, ilichagua kuponya, basi nasi tunajua tuielekeze wapi mikono ya watoto tunaowasomesha.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kuwa huru kutenda jambo hakulifanyi liwe la kujenga. Katika vikundi vyetu vya akina mama hebu tulizungumze neno hilo, tukiwa na wanafunzi wetu wa sekondari pamoja nasi, wasikie mama zao wakiuliza. Na tuwaombee kwa majina.